Marekani Ilivyosogea Magharibi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya hurudi kila mtu anapomaliza kutazama sinema ya kauboi na kuanza kujiuliza yale mashamba makubwa yalitoka wapi. Yamepangwa kuanzia ya msingi hadi ya pembeni. Pale jibu linapotegemea jambo lililokwisha kuelezwa, utaelekezwa kwa namba ya swali.

## Mambo ya msingi

1. Upanuzi wa magharibi ni nini, na ulichukua muda gani?

Ni mwendo wa miaka mia na ushee ambamo Marekani, iliyozaliwa kama majimbo 13 yaliyobanana kwenye pwani ya Atlantiki, ilijitanua hadi Pasifiki. Ukitaka mahali pa kuanzia, chukua 1763. Uingereza ilikuwa imetoka kuwashinda Wafaransa, na Mfalme George III akapiga marufuku walowezi kuvuka milima ya Appalachia. Walivuka. Mwaka 1783, vita vya uhuru vilipokwisha, Uingereza iliikabidhi nchi hiyo changa eneo lote hadi mto Mississippi, na waliokuwa wakiishi humo hawakuitwa mezani.

Mwisho wake kwa kawaida huwekwa 1890, idara ya sensa ilipotangaza kwamba mstari unaotenganisha makazi ya walowezi na pori hauwezi kuchorwa tena. Alaska, iliyonunuliwa kwa Warusi mwaka 1867 kwa dola milioni 7.2, na Hawaii, iliyotwaliwa 1898, zina historia yake na hazimo humu, isipokuwa Alaska inayojitokeza tena kwenye swali la mwisho.

2. Si kweli kwamba ardhi ilikuwa tupu?

Si kweli. Mwaka 1794 Jenerali Anthony Wayne alipoingia na jeshi bonde la mto Maumee, katika Ohio ya leo, aliandika kwamba hajapata kuona mashamba ya mahindi makubwa kiasi kile popote Amerika, kutoka Kanada hadi Florida. Kisha akaamuru yachomwe. Huchomi shamba la mahindi la mtu asiyekuwepo.

Dhana ya utupu ilikuwa na kazi yake, hasa mahakamani na bungeni. Ardhi ikishaitwa pori, anayelima humo huonekana mpita njia. Ni kweli pia kwamba sehemu nyingine zilikuwa zimepungukiwa watu walowezi walipofika, lakini sababu yake ni maradhi (tazama swali la 13).

3. Niseme “Wahindi Wekundu” au vipi?

Jina hilo ni mtoto wa kosa la Columbus, aliyedhani amefika Bara Hindi, na hiyo rangi iliongezwa baadaye. Humu tunasema “wenyeji”, na kila inapowezekana tunataja taifa lenyewe: Wacherokee, Walakota, Washawnee. Leo serikali ya Marekani inatambua mataifa zaidi ya 570 ya aina hiyo. Kumwita Mlakota “Mhindi Mwekundu” ni sawa na kumwita Mhaya “mtu wa bara” ukadhani umemtambulisha.

4. Nani alitangulia, walowezi au serikali?

Hili ndilo swali linalofaa kuulizwa kwanza, na jibu lake hubadilika kwa miaka. Mara nyingi mlowezi alitangulia bila ruhusa, akajenga kibanda cha magogo, akaota mizizi, kisha serikali ikaja nyuma na mkataba, jeshi na ofisi ya ardhi kuhalalisha alichokwisha kukifanya.

Mwanzoni serikali haikufurahia. Mwaka 1785 ilituma askari kaskazini mwa mto Ohio kuwafukuza maskwota wa kizungu na kuchoma vibanda vyao. Huruma kwa wenyeji haikuhusika sana. Serikali ilikuwa imetoka vitani na madeni, haikuwa na uwezo mkubwa wa kutoza kodi, na ardhi ndiyo mali iliyobaki. Anayejichukulia bure anaharibu soko. Isitoshe, wakubwa wenyewe walikuwa na hisa: George Washington alianza maisha kama mpima ardhi, na alimiliki maelfu ya ekari ng'ambo ya milima.

Miaka ilivyokwenda maskwota wakawa wapigakura, na lugha ikabadilika. Mwaka 1841 Kongresi, yaani bunge la Marekani, ilipitisha sheria iliyompa aliyekwisha kujikalia kwenye ardhi ya serikali haki ya kununua hadi ekari 160 kwa dola 1.25 kila ekari, kabla mnada haujafunguliwa kwa wengine. Aliyekuwa mvamizi mwaka 1785 akaitwa shujaa wa taifa miaka 56 baadaye.

Kwa hiyo ukisikia mtu anasema “serikali ilishindwa kuwazuia walowezi”, muulize ilijaribu kuwazuia mwaka gani, na kwa nini.

## Ardhi ilivyogeuka karatasi

5. Kwa nini mashamba ya Marekani ya kati yamekatwa miraba kama daftari la hesabu?

Ukiruka kwa ndege juu ya Iowa au Kansas utaona: barabara zimenyooka, kona zote sawasawa. Hiyo ni kazi ya sheria ya 1785, iliyoamuru ardhi ipimwe kabla ya kuuzwa.

Wapimaji walianzia pale mto Ohio unapotoka Pennsylvania, wakiwa na dira na mnyororo wa chuma wenye pingili 100 na urefu wa futi 66. Urefu huo ulikuwa na ujanja wake: minyororo 80 ni maili moja kamili, na mraba wa minyororo kumi kwa kumi ni ekari kumi kamili. Hesabu iliweza kufanywa na kijana aliyesoma kidogo tu. Kila mraba mkubwa wa maili sita kwa sita uligawanywa vipande 36 vya ekari 640, na kipande namba 16 kikatengwa kwa ajili ya shule. Mito na vilima havikuhesabika. Mpaka ulifuata mstari hata kama mstari ulipita katikati ya kinamasi.

Mtu mwenye kiwanja kilichopimwa, chenye bikoni nne na namba, hahitaji kuelezwa faida yake. Ardhi yenye namba inauzika kwa mtu asiyewahi kuiona, inawekwa rehani benki, inarithiwa bila wazee kuitwa kushuhudia mpaka. Tajiri wa Philadelphia au London aliweza kununua kipande, akakiuza kwa faida bila kukanyaga tope la Ohio. Kwa maoni yangu mnyororo ule ulifanya kazi kubwa kuliko bunduki, ingawa bunduki ndiyo iliyoingia kwenye sinema.

Maskini hakufaidika mara moja. Mwanzoni kipande kidogo kabisa kilikuwa ekari 640 kwa dola moja kila ekari, fedha ambayo mkulima wa kawaida hakuwa nayo. Walanguzi walinunua kwa jumla wakauza kwa rejareja. Ilipofika 1820 sheria iliteremsha kiwango hadi ekari 80 kwa dola 1.25, yaani dola 100 taslimu.

6. Maeneo mapya yaligeukaje kuwa majimbo?

Sheria nyingine, ya 1787, iliweka ngazi. Kwanza eneo linaongozwa na gavana anayeteuliwa; likifikisha wanaume huru watu wazima 5,000 linapata baraza lake; likifikisha watu huru 60,000 linaweza kuomba kuwa jimbo lenye hadhi sawa na yale ya kwanza. Sheria hiyo ilikataza utumwa kaskazini mwa mto Ohio. Iliahidi pia kwamba ardhi ya wenyeji haitachukuliwa bila ridhaa yao. Ahadi ya kwanza ilishika kwa kiasi kikubwa.

7. Sehemu zipi zilinunuliwa, zipi zilipiganiwa?

Louisiana ilinunuliwa kwa Ufaransa mwaka 1803 kwa dola milioni 15. Usiichanganye na jimbo la Louisiana la leo: lilikuwa eneo la zaidi ya kilomita za mraba milioni mbili, kutoka New Orleans hadi mpakani mwa Kanada. Florida ilitoka Hispania kwa mkataba wa 1819. Oregon iligawanywa na Uingereza mwaka 1846 kwenye latitudo ya 49.

Texas ilikuwa sehemu ya Mexico. Walowezi wa Kimarekani walikaribishwa humo, wakaja na watumwa wao, na Mexico ilipofuta utumwa mwaka 1829 ugomvi ukakua. Walijitangazia uhuru 1836 na kuingia Marekani 1845. Mwaka uliofuata vita na Mexico vikaanza. Mkataba wa Guadalupe Hidalgo wa Februari 1848 uliinyang'anya Mexico California, Nevada, Utah, sehemu kubwa ya Arizona na New Mexico, na vipande vya Colorado na Wyoming, kwa malipo ya dola milioni 15. Ukijumlisha na Texas, Mexico ilipoteza zaidi ya nusu ya nchi yake.

Siku tisa kabla mkataba haujatiwa saini, tarehe 24 Januari, dhahabu ilionekana kwenye kinu cha mbao huko California. Waliosaini hawakuwa na habari.

8. Napoleon aliuzaje ardhi kubwa kwa bei ya kutupa?

Kwa sababu ya Haiti. Louisiana ilikuwa na maana kwake kama ghala la kulisha visiwa vya sukari, na kisiwa chenye utajiri kuliko vyote kilikuwa kimeshikwa na watumwa walioasi. Jeshi alilolituma kukirudisha lilimalizwa na wapiganaji wa Haiti pamoja na homa ya manjano. Bila Haiti, Louisiana ikawa mzigo, na vita na Uingereza vilikuwa mlangoni. Watu weusi wa Haiti ndio waliofungua mlango huo, na nyuma yake ukapita utumwa wa pamba (tazama swali la 17).

Lakini Napoleon aliuza nini hasa? Sehemu kubwa ya eneo lile hakuna Mfaransa aliyeitawala. Alichouza ni madai: haki ya Marekani kuwa mnunuzi pekee mbele ya wenyeji, bila Mzungu mwingine kuingilia. Baada ya hapo Marekani iliendelea kununua, kulazimisha au kutwaa ardhi ile ile kutoka kwa wenyewe, taifa moja baada ya jingine, kwa karibu karne nzima.

9. “Majaliwa ya wazi” ni nini?

Ni maneno yaliyotumiwa na mhariri John L. O'Sullivan mwaka 1845, kwamba Mungu ameiandikia Marekani kulienea bara zima. Yalipendwa na wanasiasa kwa sababu yalifanya tamaa ionekane utiifu. Wamarekani wengine waliyapinga tangu siku zile zile. Abraham Lincoln, akiwa mbunge kijana, aliibana serikali ieleze ni sehemu gani hasa ya ardhi ya Marekani ambako Mexico ilidaiwa kumwaga damu ya kwanza ya vita vya swali la 7.

10. Je, ardhi ya 1862 ilikuwa ya bure kweli?

Lincoln, sasa akiwa rais, alitia saini sheria ya makazi tarehe 20 Mei 1862. Mtu mwenye miaka 21 au mkuu wa kaya, raia au mhamiaji aliyetangaza nia ya kuwa raia, ambaye hakuwahi kushika silaha dhidi ya serikali, aliweza kuomba ekari 160 (karibu hekta 65). Masharti: aishi hapo miaka mitano, ajenge, alime. Ada zote zilikuwa kama dola 18. Wanawake wasio na waume waliruhusiwa, jambo lisilo la kawaida kwa enzi hiyo. Mwishowe hati kama milioni 1.6 zilitolewa, kwa jumla ya ekari milioni 270 hivi, yaani karibu asilimia kumi ya nchi yote.

Ada ilikuwa ndogo. Gharama ilikuwa kwingine. Maksai, jembe la chuma, mbegu, kisima, chakula cha mwaka wa kwanza. Na kule nyanda kavu za magharibi, ekari 160 ambazo Ohio zingelisha ukoo hazikutosha ng'ombe wachache. Wengi walishindwa wakaondoka. Wengine walikuwa mamluki wa makampuni: waliandikisha, wakalipa dola 1.25 kwa ekari baada ya miezi sita kama sheria ilivyoruhusu, wakahamisha hati kwa tajiri aliyewatuma. Uzio nao ulikuwa tatizo mahali pasipo miti, mpaka seng'enge ilipopewa hataza mwaka 1874 na nyanda zikafungwa.

Mwaka huo huo wa 1862 serikali iliidhinisha reli ya kuvuka bara. Makampuni ya reli yalipewa zaidi ya ekari milioni 100 za umma ili wauze wagharimie ujenzi. Kwa hiyo ardhi nzuri iliyo karibu na stesheni mara nyingi ilikuwa ya kununua, na ile ya bure ilikuwa mbali. Pande mbili za reli zilikutana Promontory, Utah, tarehe 10 Mei 1869. Waliochonga milima ya Sierra Nevada kwa upande wa magharibi walikuwa kwa sehemu kubwa Wachina. Mwaka 1882 Kongresi ikapiga marufuku vibarua wa Kichina kuingia nchini.

## Wenyeji

11. Kama kulikuwa na mikataba, kosa liko wapi?

Mikataba ilikuwepo, tena mingi: Seneti iliridhia karibu 370 kati ya 1778 na 1871. Kosa lilikuwa kwenye namna ya kuipata na kuishika. Machifu walioalikwa mara nyingi hawakuwa na mamlaka ya kuuza, au walikuwa upande mmoja wa ugomvi wa ndani. Malipo yalikatwa madeni ya wafanyabiashara kabla hayajafika. Tecumseh wa Washawnee alisimama kwenye hoja moja: ardhi ni ya mataifa yote kwa pamoja, hakuna chifu mmoja awezaye kuiuza. Aliuawa vitani mwaka 1813 akipigana upande wa Waingereza.

Mahakama ya Juu ilitoa msingi wa kisheria mwaka 1823: wenyeji wana haki ya kukaa, lakini umiliki ni wa serikali iliyorithi “ugunduzi” wa Wazungu, na ni kwake tu wanakoweza kuuza. Ukiwa na mnunuzi mmoja tu, tena mwenye jeshi, hiyo bei utaipangaje? Mwaka 1871 Kongresi iliacha kabisa kufunga mikataba nao.

12. Ilikuwaje kwa Wacherokee?

Kisa chao hurudiwa sana kwa sababu walifanya kila walichoambiwa. Waliambiwa walime, walilima. Waliambiwa wawe na sheria; wakaandika katiba mwaka 1827. Sequoyah, ambaye hakujua kusoma Kiingereza, aliunda herufi za lugha yao zilizokamilika 1821, na mwaka 1828 wakaanza kuchapa gazeti. Baadhi yao walikuwa hata na mashamba ya pamba na watumwa weusi, jambo ambalo wanaowasimulia kama malaika hulificha.

Mwaka 1829 dhahabu ikaanza kuchimbwa kwenye ardhi yao huko Georgia. Tarehe 28 Mei 1830 Rais Andrew Jackson alitia saini sheria ya kuwahamisha wenyeji ng'ambo ya Mississippi. Ilipita Baraza la Wawakilishi kwa kura 102 dhidi ya 97. Hivyo anayesema “watu wa zamani ndivyo walivyofikiri” atazame hizo kura 97. Georgia haikungoja. Ilipima nchi ya Wacherokee na mwaka 1832 ikaigawa kwa bahati nasibu: vipande vya ekari 160 kwa kilimo, vya ekari 40 palipodhaniwa pana dhahabu. Mzungu aliyeshinda alifika na tikiti yake akamkuta mwenye nyumba anakula.

Mwaka huo huo Mahakama ya Juu, chini ya Jaji John Marshall, iliamua kwamba sheria za Georgia hazina nguvu ndani ya nchi ya Wacherokee. Hukumu haikuwaokoa. (Ile kauli ya Jackson, kwamba Marshall ameamua basi na atekeleze mwenyewe, haina ushahidi kwamba aliisema.) Desemba 1835 kikundi kidogo kisicho na idhini ya taifa kilisaini mkataba wa kuondoka kwa dola milioni 5. Chifu mkuu John Ross alipeleka Washington pingamizi lenye majina zaidi ya 15,000. Seneti iliuridhia kwa ziada ya kura moja.

Mei 1838 askari wakaanza kuwatoa watu majumbani na kuwaweka kambini. Karibu watu 16,000 walisafirishwa hadi Oklahoma ya leo, wengi kwa miguu wakati wa baridi. Makadirio yanayotajwa zaidi ni kwamba 4,000 walikufa kambini na njiani. Watumwa wao walitembea pia. Wakubwa watatu waliosaini ule mkataba waliuawa na Wacherokee wenzao siku moja, Juni 1839.

Wachoctaw, Wacreek, Wachickasaw na Waseminole walihamishwa kwa sheria hiyo hiyo. Waseminole walipigana miaka saba kwenye vinamasi vya Florida.

13. Walikufa kwa maradhi au kwa risasi?

Ndui, surua na kipindupindu viliua zaidi. Mwaka 1837 ndui ilipanda mto Missouri pamoja na meli ya wafanyabiashara, na Wamandan karibu wote wakaisha. Ila maradhi hayatembei peke yake: mtu aliyenyang'anywa shamba, akafungiwa kambini na kupewa nyama iliyooza, hufa kwa ugonjwa ambao angeupona nyumbani.

Njaa nayo ilitengenezwa. Nyati wa nyanda, waliokuwa mamilioni, walipigwa kwa ajili ya ngozi baada ya reli kufika, na kufikia mwishoni mwa miaka ya 1880 walibaki wachache chini ya elfu moja porini. Makamanda wa jeshi waliona wazi kwamba Mlakota asiye na nyati atakuja mwenyewe kwenye hifadhi, yaani eneo walilotengewa wenyeji, kupokea mgawo.

14. Black Hills ni ya nani?

Mkataba wa Fort Laramie wa 1868 uliwaachia Walakota milima hiyo, iliyoko Dakota Kusini ya leo. Mwaka 1874 msafara wa afisa wa jeshi George Custer ulitangaza kwamba kuna dhahabu. Wachimbaji wakamiminika, serikali ikaacha kuwazuia, vita vikaja, na tarehe 25 Juni 1876 Custer akafa pale Little Bighorn. Mkataba ulidai robo tatu ya wanaume wazima wasaini kabla ardhi yoyote haijatolewa. Zilipatikana kama sehemu moja ya kumi. Mwaka 1877 Kongresi ilijichukulia.

Mwaka 1980 Mahakama ya Juu ilikubali kwamba ulikuwa utwaaji usio na fidia halali, ikathibitisha malipo ya zaidi ya dola milioni 100. Walakota walikataa kuzipokea. Fedha ziko kwenye akaunti, zimezaa riba kupita dola bilioni moja, nao wanasema milima haijawahi kuuzwa.

15. Sheria ya Dawes ilifanya nini?

Ilileta mnyororo wa swali la 5 ndani ya hifadhi zenyewe. Kuanzia 1887 ardhi ya pamoja ilikatwa vipande, ekari 160 kwa mkuu wa familia, na “ziada” ikauzwa kwa walowezi. Waliokuwa wakiitetea walijiita marafiki wa wenyeji. Ardhi ya mataifa hayo ilishuka kutoka ekari milioni 138 mwaka 1887 hadi milioni 48 mwaka 1934. Miaka miwili baada ya sheria hiyo, adhuhuri ya tarehe 22 Aprili 1889, maelfu ya watu walikimbia kwa farasi kuwania viwanja Oklahoma, nchi ambayo Wacherokee na wenzao waliahidiwa kuwa ya mwisho kuhamishiwa.

16. Je, yalikuwa mauaji ya kimbari?

Wanahistoria wanabishana kuhusu bara zima. Kuhusu California ubishi umepungua sana. Idadi ya wenyeji huko ilishuka kutoka kama 150,000 hadi kama 30,000 kati ya 1846 na 1870. Jimbo lililipa gharama za wanamgambo waliowasaka, na sheria yake ya 1850 iliruhusu wenyeji, watoto wakiwemo, kutumikishwa kwa nguvu. Gavana Gavin Newsom aliomba radhi rasmi mwaka 2019 na alilitumia neno lenyewe.

Nje ya California, Sand Creek (Colorado, Novemba 1864) na Wounded Knee (Dakota Kusini, tarehe 29 Desemba 1890) ndiyo majina unayopaswa kuyajua. Kote kuwili askari waliwaua wenyeji, na waliokufa wengi walikuwa wanawake, watoto na wazee.

## Wasioonekana kwenye sinema

17. Watu weusi walikuwa wapi?

Katikati kabisa. Ardhi ya Wacreek na Wachoctaw ikawa mashamba ya pamba ya Alabama na Mississippi, na watumwa kama milioni moja walihamishwa kutoka majimbo ya zamani kwenda kuyalima kabla ya 1861, wengi wao wakiuzwa mbali na ndugu zao. Hao nao walikwenda magharibi, ila hakuna anayewaita waanzilishi. Kila eneo jipya lilizua swali lile lile, je, litakuwa la utumwa au huru, na swali hilo ndilo lililoivunja nchi.

Baada ya utumwa kukomeshwa, wengine walikwenda kwa hiari. Mji wa Nicodemus, Kansas, ulianzishwa na watu weusi mwaka 1877, na 1879 maelfu walitoka kusini kuelekea Kansas wakikimbia mateso. Na vikosi vya farasi vya askari weusi vilivyoundwa 1866 vilitumwa kupigana na wenyeji. Historia hii haigawi watu vizuri katika wema na wabaya.

18. Je, misafara ya walowezi kwenda Oregon ilishambuliwa na wenyeji kila siku?

Hapana. Safari ya kilomita 3,200 hivi kwa mikokoteni ya maksai ilichukua miezi mitano au sita, na muuaji mkuu alikuwa kipindupindu, akifuatwa na ajali: kukanyagwa na gurudumu, kuzama mtoni, bunduki kufyatuka. Biashara kati ya wasafiri na wenyeji ilikuwa ya kawaida kuliko mapigano.

## Maswali ya pembeni

19. Kitambaa cha merikani kinahusiana na haya?

Kinahusiana, na jina linasema. Sultani Said alifunga mkataba wa biashara na Marekani mwaka 1833, na mwaka 1837 konsuli wa kwanza wa Kimarekani, mfanyabiashara wa Salem, Massachusetts, akafungua ofisi Unguja. Meli za Salem zilichukua pembe za ndovu, sandarusi na ngozi, zikaleta majora ya pamba yaliyofumwa viwandani Massachusetts. Hiyo ndiyo merikani iliyokwenda bara na misafara na kutumika kama fedha hadi Ujiji na ng'ambo yake.

Pamba ya viwanda hivyo ilitoka kusini, kwenye ardhi na mikono ya swali la 17. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza 1861 pamba ilikauka, merikani ikaadimika, na vitambaa vya Uingereza na Bara Hindi vikachukua nafasi.

20. Mbona inafanana na Wamasai wa Kenya?

Inafanana, pamoja na tofauti moja ya kuchekesha kama isingeuma. Mwaka 1831 Wacherokee walishtaki Georgia wakashindwa kwa kuwa, mahakama ilisema, wao si taifa la kigeni. Mwaka 1913 Wamasai walishtaki kuhusu kuhamishwa kutoka Laikipia, kinyume cha mkataba wa 1904 ulioahidi kudumu maadamu Wamasai wapo, wakashindwa kwa kuwa, mahakama ilisema, mkataba wao ulikuwa kati ya mataifa mawili huru.

21. Kuna kesi zinazoendelea kuamuliwa hadi leo?

Ndiyo. Mwaka 2020 Mahakama ya Juu iliamua kwamba hifadhi ya Wacreek mashariki mwa Oklahoma haikuwahi kufutwa kisheria, kwa sababu Kongresi haikuwahi kusema imeifuta. Uamuzi ulihusu mamlaka ya kushtaki jinai, sio hati za nyumba za watu, na mahakama hiyo hiyo iliupunguza makali mwaka 2022. Kuhusu Black Hills, tazama swali la 14.

22. Naweza kwenda Marekani leo nikapewa ekari 160 bure?

Huwezi, na anayekuomba ada ya fomu anakuibia. Sheria ya 1862 ilifutwa mwaka 1976, ikaachwa Alaska peke yake hadi 1986. Hati ya mwisho chini yake ilikwenda kwa askari mstaafu wa vita vya Vietnam: ekari 80 kando ya mto Stony, Alaska. Aliomba mwaka 1974, akaipokea 1988.